Timu imeburuza mkia na drafti imepita: ijengwe upya kwa njia ya Detroit, ya Houston au ya Denver?

Drafti ya NFL, yaani siku ambazo timu za futiboli ya Marekani huchagua vijana wapya kwa zamu, huanza Alhamisi saa mbili usiku kwa saa za New York. Nairobi na Dar es Salaam wakati huo ni saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa. Raundi ya saba inapoisha Jumamosi, mashabiki wa timu iliyoburuza mkia huwa wameshagawanyika. Wapo wanaosema tujenge taratibu, tukusanye zamu za kuchagua, tuanze na wanaume wa mbele, wale wa ukuta. Wengine wanasema kwotabeki kijana, yaani mrusha mpira, amepatikana, sasa pesa zimwagwe. Na wapo waliochoka kungoja: lete jina kubwa, lipa chochote. Kila kambi ina timu ya kutolea mfano, na ubishi huharibika hapo, kwa sababu watu hutaja matokeo bila kutaja bei.

Anayetoka kwenye soka la Ulaya ashike mambo machache kwanza. NFL haina kushuka daraja. Timu ni 32, na iliyofanya vibaya kuliko zote huchagua kwanza. Bingwa huchagua mwisho. Zamu ya kuchagua ni mali, inabadilishwa kwa mchezaji au kwa zamu nyingine, hata ya miaka mitatu mbele. Kila timu inabanwa na kikomo kimoja cha mishahara: dola milioni 182.5 mwaka 2021, milioni 279.2 mwaka 2025. Tajiri hawezi kutumia zaidi ya maskini. Kijana wa raundi ya kwanza hufungwa kwa mkataba wa miaka minne wenye bei iliyopangwa, na timu ina hiari ya mwaka wa tano. Mkataba huo wa bei nafuu ndio kiini cha mabishano yote haya.

Detroit: ukuta kwanza

Januari 2021 Detroit Lions walimwajiri meneja mkuu Brad Holmes na kocha Dan Campbell, wote ndani ya mwezi mmoja. Kabla mwezi haujaisha wakakubaliana na Los Angeles Rams kumtoa kwotabeki wao, Matthew Stafford. Walipata kwotabeki Jared Goff, zamu ya raundi ya tatu ya 2021, na zamu za raundi ya kwanza za 2022 na 2023. Rams walipata ubingwa: Februari 2022 waliifunga Cincinnati 23-20 kwenye Super Bowl. Anayesema Rams walipunjwa anakosea. Walilipa, wakala walichokilipia.

Sasa tazama zamu ile ya 2023 ilivyofanya kazi. Rams walianguka hadi ushindi 5 na vipigo 12, kwa hiyo zamu yao iliyokuwa mikononi mwa Detroit ikawa ya 6. Detroit hawakuitumia hapo. Waliwapa Arizona zamu ya 6 na ya 81, wakapokea ya 12, ya 34 na ya 168. Kwa jedwali la thamani lililobuniwa Dallas miaka ya 1990 (zamu ya 1 ina pointi 3,000, ya 16 ina 1,000, ya 32 ina 590), walitoa 1,600 na 185, wakapokea 1,200 na 560 na vichache juu yake. Mizani ikalingana. Zamu ya 12 ikamleta mkimbiaji Jahmyr Gibbs, ya 34 ikamleta Sam LaPorta, mpokeaji wa pasi anayesimama karibu na ukuta na kusaidia kuzuia. Zamu moja ya Stafford ikazaa wachezaji wawili wa kuanza.

Lakini jiwe la msingi lilikuwa limeshawekwa mwaka 2021. Chaguo la kwanza kabisa la Holmes, zamu ya 7, lilikuwa Penei Sewell, mlinzi wa pembeni katika ukuta wa watano wanaomkinga kwotabeki. Kwotabeki Justin Fields alikuwa bado hajachukuliwa. Alikwenda Chicago kwa zamu ya 11. Detroit walibaki na Goff, mtu waliyepewa kama sehemu ya malipo, wakamjengea ukuta. Raundi ya nne, zamu ya 112, wakamchukua mpokeaji Amon-Ra St. Brown. Wapokeaji 16 walikuwa wameitwa kabla yake. Ndiyo maana alama za drafti zinazotolewa Jumapili asubuhi hazistahili kukunyima usingizi.

Kuna jambo ambalo kambi ya subira hulisahau: Detroit hawakuanza na kiwanja kitupu. Mlinzi wa kushoto Taylor Decker alikuwapo tangu 2016 na senta, mtu wa katikati ya ukuta, Frank Ragnow tangu 2018. Sewell alikuja kukamilisha. Timu yenye ukuta uliooza kote haiwezi kuahidiwa ratiba ya Detroit. Iongezewe angalau mwaka mmoja.

Bei yake ni vipigo, na unalipa mapema. Msimu wa 2021 ulikuwa ushindi 3, vipigo 13, sare 1. Msimu wa 2022 ulianza na ushindi 1 na vipigo 6, na timu nyingi humfukuza kocha hapo. Detroit walimbakiza, wakamaliza 9-8 (ushindi kwanza, kisha vipigo). Mwaka 2023 wakapata 12-5, ubingwa wa kundi lao wa kwanza tangu 1993, wakawatoa Rams hao hao 24-23, kisha wakafungwa na San Francisco 34-31 baada ya kuongoza 24-7 mapumziko. Mwaka 2024, 15-2.

Halafu bili ikaja. Siku moja ya Aprili 2024 walimsainisha St. Brown kwa dola milioni 120 na Sewell kwa milioni 112, miaka minne kila mmoja, na mwezi uliofuata Goff kwa milioni 212. Ragnow alistaafu Juni 2025. Waratibu wote wawili, Ben Johnson wa mashambulizi na Aaron Glenn wa ulinzi, waliondoka kuwa makocha wakuu kwingine. Msimu wa 2025 ukaisha 9-8, nje ya mtoano. Hata njia nzuri ina muda wake. Vijana watatu wanne wakifika mwaka wa nne kwa pamoja, hutaweza kuwabakiza wote na bado ununue akiba.

Houston: kwotabeki kijana na uharaka

Houston Texans walikuwa na hali mbaya zaidi: 4-12, 4-13, kisha 3-13-1 msimu wa 2022. Machi 2022 walimpeleka kwotabeki Deshaun Watson Cleveland, wakapata zamu tatu za raundi ya kwanza, za 2022, 2023 na 2024, na nyingine za chini. Mwaka 2023 wakamwajiri kocha DeMeco Ryans, na usiku wa drafti wakafanya jambo la ujasiri: zamu ya 2 wakamchukua kwotabeki C.J. Stroud, kisha papo hapo wakapanda hadi zamu ya 3 kumchukua Will Anderson Jr., mvamizi, yaani mtu wa ulinzi wa kumwangusha kwotabeki. Kupanda huko kuliwagharimu zamu ya 12, ya 33, raundi ya kwanza ya 2024 na ya tatu ya 2024. Arizona wakawarudishia ya 105.

Ni bei kubwa, na tunaitetea. Stroud alikuwa anagharimu takriban dola milioni 36.3 kwa miaka minne yote, yaani kama milioni 9 kwa mwaka. Watson kule Cleveland alisaini milioni 230 kwa miaka mitano, zote zimehakikishwa: milioni 46 kwa mwaka. Tofauti ya milioni 37 kila mwaka ni walinzi wawili wazuri wa ukuta, mvamizi mmoja na chenji. Dirisha hilo hufunguka mara moja tu kwa kila kwotabeki, na Houston waliingia nalo mbio: 10-7 msimu wa kwanza, tuzo za chipukizi bora wa mashambulizi na wa ulinzi zote nyumbani, na ushindi wa 45-14 dhidi ya Cleveland kwenye mtoano.

Kilichokwenda kombo ni ukuta. Mwaka 2022 zamu ya 15 ilikuwa imetumika kwa mlinzi wa ndani Kenyon Green, ambaye hakukaa sawa na hatimaye aliondoka Machi 2025. Stroud aliangushwa akiwa bado na mpira mara 38 msimu wa 2023 na mara 52 msimu wa 2024. Rekodi ilibaki 10-7, lakini timu iliacha kupanda mwaka ambao ilipaswa kupanda. Mratibu wa mashambulizi akafukuzwa. Huo mwaka uliopotea ndani ya mkataba wa bei nafuu haurudi.

Denver na Cleveland: jina kubwa sasa hivi

Machi 2022 Denver Broncos waliwapa Seattle zamu mbili za raundi ya kwanza, mbili za raundi ya pili, moja ya tano, na wachezaji watatu, ili wampate kwotabeki Russell Wilson na zamu ya raundi ya nne. Kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi wakamwongezea mkataba wa miaka mitano wa karibu dola milioni 245. Msimu ukaisha 5-12, kocha akafukuzwa kabla haujaisha, na kwa kuwa Denver walifungwa sana, zamu waliyoitoa ya 2023 ikawa ya 5: Seattle wakamchukua beki wa pembeni Devon Witherspoon. Huko ndiko kula mbegu za kupanda. Ukikosea, unamnenepesha mwenzio kwa kila mechi unayopoteza.

Machi 2024 Wilson aliachwa, na dola milioni 85 zikabaki kwenye vitabu: milioni 53 mwaka 2024 na 32 mwaka 2025. Hizo ndizo pesa mfu, na inafaa kila shabiki ajue zinavyotengenezwa. Posho ya kusaini hulipwa mara moja, lakini kwenye hesabu ya kikomo hugawanywa hadi miaka mitano. Tuseme posho ni milioni 50: kila mwaka unahesabiwa 10. Ukimwacha mchezaji baada ya miaka miwili, zile 30 zilizobaki zinaangukia mwaka huo kwa pamoja. Ukimwacha kwa utaratibu wa baada ya Juni 1, mwaka huo unahesabiwa 10 na mwaka unaofuata 20. Hazifutiki. Meneja anayesema "tutasogeza mbele" anasema kweli kuhusu mwaka huu tu.

Cleveland, waliomchukua Watson, ni mfano mgumu zaidi. Walipata 7-10, halafu 11-6 msimu wa 2023, na kambi ya majina makubwa huishika hiyo 11-6 kama ushahidi. Lakini Watson alicheza mechi 6 tu mwaka huo. Timu ilifika mtoano kwa ulinzi wake na kwa kwotabeki Joe Flacco aliyesajiliwa katikati ya msimu. Mwaka 2024 ilikuwa 3-14, Watson akachanika msuli wa kisigino Oktoba, na zamu ya mwisho ya raundi ya kwanza waliyokuwa wanadaiwa ndiyo kwanza ilikuwa imetoka kulipwa.

Denver walivyoinuka ndiyo sehemu inayotushawishi kuliko zote. Machi 2023, katikati ya balaa la Wilson, walinunua walinzi wawili wa ukuta: Mike McGlinchey kwa miaka mitano na milioni 87.5, Ben Powers kwa miaka minne na milioni 52. Wakawaunganisha na Garett Bolles na Quinn Meinerz waliokuwa tayari ndani. Mwaka 2024 wakamchagua kwotabeki Bo Nix kwa zamu ya 12, wakamweka nyuma ya ukuta huo, wakapata 10-7 na mtoano huku wakibeba zile milioni 53. Walitoka shimoni kwa kufuata njia ya Detroit na ya Houston, kwa mpangilio sahihi.

Biashara moja, timu mbili

Asiyeshawishika atazame Carolina na Chicago. Machi 2023 Carolina Panthers walipanda hadi zamu ya 1 kumfuata kwotabeki Bryce Young. Waliwapa Chicago Bears zamu ya 9, ya 61, raundi ya kwanza ya 2024, raundi ya pili ya 2025, na mpokeaji wao bora, D.J. Moore. Hilo la mwisho ndilo kosa lililotuuma: unamnunua kijana wa kurusha, halafu unamuuza mtu wa kudaka. Young aliangushwa mara 62. Carolina wakapata 2-15, kocha akafukuzwa baada ya mechi 11, na zamu ya 2024 waliyoiuza ikawa ya 1.

Chicago, basi, walikuwa na kila kitu. Zamu hiyo ya 1 iliwapa kwotabeki Caleb Williams, na Moore alikuwapo kudaka. Msimu wa 2024 ukaisha 5-12, na Williams akaangushwa mara 68. Zamu zote zile zilikuwa zimefika, lakini katikati ya ukuta palikuwa na tundu. Tuseme haki: si zote 68 zilikuwa kosa la ukuta. Pasi nyingi zinapaswa kutoka ndani ya kama sekunde mbili na nusu, na kijana huyu alikuwa anashikilia mpira. Lakini anayeshinikizwa kutoka katikati hana pa kukimbilia. Anayeshinikizwa kutoka pembeni angalau anaweza kupiga hatua mbele.

Januari 2025 wakamchukua Ben Johnson kutoka Detroit awe kocha. Machi wakabadilisha watu watatu wa katikati: mlinzi Joe Thuney kutoka Kansas City kwa zamu ya raundi ya nne ya 2026, mlinzi Jonah Jackson kutoka Rams kwa zamu ya raundi ya sita, na senta Drew Dalman aliyekuwa mchezaji huru, miaka mitatu kwa milioni 42. Williams akaangushwa mara 24 msimu wa 2025. Chicago wakapata 11-6. Zamu mbili za raundi za chini na pesa zilizokuwapo kwa sababu kwotabeki ni wa bei nafuu.

| Timu | Walichofanya | Msimu wa 1 | Wa 2 | Wa 3 |
|---|---|---|---|---|
| Detroit (kuanzia 2021) | Waliuza kwotabeki, wakajenga ukuta | 3-13-1 | 9-8 | 12-5 |
| Houston (2023) | Kwotabeki zamu ya 2, mvamizi zamu ya 3 | 10-7 | 10-7 | 12-5 |
| Denver (2022) | Wilson | 5-12 | 8-9 | 10-7 |
| Cleveland (2022) | Watson | 7-10 | 11-6 | 3-14 |
| Carolina (2023) | Walipanda kwa Young | 2-15 | 5-12 | 8-9 |
| Chicago (2023) | Waliuza zamu ya 1, mwaka uliofuata wakapata nyingine | 7-10 | 5-12 | 11-6 |

Yako ichague ipi?

Anza na ukuta. Hesabu kati ya watano ni wangapi ambao ungewaacha wacheze msimu mzima bila wasiwasi. Wakiwa watatu au zaidi, na una kwotabeki aliye mwaka wa kwanza au wa pili wa mkataba wake, fuata Houston: nunua, panda, toa zamu, kwa sababu baada ya msimu wa tatu anaruhusiwa kudai mkataba mpya na dirisha linaanza kufungwa. Wakiwa wawili au pungufu, usimguse kwotabeki wa zamu ya juu mpaka umepanga nani atamkinga mwaka huo huo. Si lazima wawe wa raundi ya kwanza. Thuney na Jackson walionyesha kwamba mlinzi mzoefu hupatikana kwa bei ndogo mwezi wa Machi, wakati mashabiki wote wanatazama wapokeaji.

Halafu tazama zamu za raundi ya kwanza za miaka miwili ijayo ziko kwa nani. Kama ni zako zote na kwotabeki hayupo, njia ya Detroit ndiyo yako: mweke mtu wa kati anayejua kazi, kama Goff, uza zamu ya juu upate mbili, kubali vipigo. Kama moja imeshauzwa, kufungwa hakukusaidii kitu, na kocha wa kujenga taratibu atafukuzwa kabla ya mavuno. Katika hali hiyo tungenunua wachezaji huru wa umri wa miaka 26 hadi 28, tukiepuka mikataba yenye posho kubwa ya kusaini.

Njia ya jina kubwa tunaikubali kwa timu ya aina moja tu: ile ambayo tayari ina ukuta, ina ulinzi, na ilikosa kwotabeki pekee, kama Rams walivyokuwa 2021. Timu iliyoburuza mkia, kwa maana yake, si timu hiyo.

Na uangalie kama kocha na meneja mkuu wameanza pamoja. Holmes na Campbell walianza mwezi mmoja. Pale Chicago, Williams alichaguliwa chini ya kocha aliyefukuzwa Novemba ya mwaka huo huo, kwa hiyo kijana akajifunza mfumo mmoja msimu wa kwanza na mwingine wa pili. Timu ikibadilisha kocha bila kubadilisha meneja, uliza nani alimchagua kwotabeki.

Kuanzia sasa hadi Septemba kuna mambo machache ya kufuatilia. Baada ya drafti timu husaini vijana ambao hawakuitwa, hadi kikosi kifike watu 90. Juni ndipo wanapoachwa wenye mikataba mizito. Agosti kuna mechi tatu za maandalizi: usihesabu mabao, tazama kama watano wa ukuta wa kwanza wanaanza pamoja, kwa nafasi zile zile, mechi zaidi ya moja. Wakihamishwahamishwa hadi wiki ya tatu, kocha hajapata jibu. Mwishoni mwa Agosti kikosi hukatwa hadi 53, na wengine 16 huwekwa kwenye kikosi cha mazoezi. Siku hiyo hesabu waliobakizwa wa ukuta. Kawaida ni wanane hadi kumi. Ukiona wanane tu, na wa sita hajawahi kuanza mechi ya ligi, basi jeraha moja la kifundo cha mguu mwezi Oktoba litamfikia kwotabeki wako, aliyechaguliwa kwa zamu ya juu, akiwa chini.